Nilikwenda Songambele Kujifunza Kukamua

Mmeniuliza wengi, na kila mmoja nimemjibu nusu. Yupo aliyeona mashavu yangu yamejaa akadhani nina mimba. Yupo aliyesikia kwamba nimenyang'anywa nafasi nikakimbilia kijijini kujificha. Basi kaeni niwaeleze mara moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, nisije nikarudia tena saluni, kanisani na kwenye simu.

Chanzo cha safari ni uongo wangu mwenyewe. Kazi yangu mnaijua. Kwa miaka sita nimekuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, mlizi wa msibani, mhudumu wa baa asiye na jina, na yule hausigeli aliyemtilia bosi wake sumu kwenye chai, ambaye ndiye pekee watu wanamkumbuka. Katikati ya hapo, picha za vitenge na sabuni ndizo zilizonilipia pango. Filamu ya kuibeba mimi mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, sijawahi kupewa. Kwa hiyo dairekta aliponiuliza mbele ya watu, "Koku, wewe si wa Karagwe? Ng'ombe unawajua?" nilijibu bila kupepesa macho, "Nimekua nao."

Filamu inamhusu mke wa mfugaji, na karibu nusu ya skripti huyo mama amechutama chini ya ng'ombe wa pembe ndefu, anakamua. Dairekta akasema, "Nitumie video ukikamua, ng'ombe mwenye pembe zake, kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Ikiwa sawa, nafasi ni yako. La sivyo, kuna mwenzako anasubiri."

Kwetu ni Ihembe, na sisi ni watu wa migomba na kahawa. Ng'ombe mimi nilimjua akiwa kwenye sahani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na kilomita zaidi ya elfu moja, na nauli nilijilipia mwenyewe.

Dar hadi Benako, na mama aliyekataa karanga

Kiti cha dirishani nilikuta ameshakaa mama mmoja mnene, mchangamfu kwa kila mtu isipokuwa mimi. Alikuwa anarudi kwake Nyaishozi baada ya kumwona mwanawe. Tangu Morogoro alikuwa ananiangalia kwa pembe ya jicho. Nilijisemea, ameniona kwenye tangazo la sabuni, anaona aibu kuomba picha. Nikakaa vizuri ili sura ionekane.

Dodoma nikanunua karanga, nikamkaribisha. "Asante mwanangu, nimeshiba," akasema, na nusu saa nzima alikuwa akilalamika njaa. Singida nikamkaribisha chungwa ambalo sijalimenya. Akalikataa pia. Kahama akateremka akajinunulia karanga zake, akaja akazila huku amenigeuzia bega. Mimi nikanuna. Nilimwona mtu mwenye roho mbaya, na nikalala kwa hasira mpaka tukaipita Benako.

Pori la Kimisi, saa nne bila kwenda popote

Ndani ya pori la Kimisi mkanda wa injini ukakatika. Utingo akapanda bodaboda iliyokuwa inapita, akarudi Benako kutafuta mwingine, na sisi tukabaki kwenye nyasi kando ya njia, kila mtu na kivuli chake kidogo. Dereva alituonya tusiingie porini hata kwa haja, maana humo kuna nyati. Akina mama tukawa tunazungushiana khanga nyuma ya basi. Hapo hakuna staa.

Saa ya tatu ya kusubiri ilipofika, karanga za yule mama zilikuwa zimeisha na mimi nilikuwa bado na chapati mbili. Akaja akasimama mbele yangu.

"Nikuulize kitu, usikasirike," akasema. "Yule mama uliyemwekea kwenye chai, alikufa kweli?"

Nilicheka mpaka machozi. "Mama, ule ni mchezo! Yule mama ni mzima, anauza nguo Kinondoni, na juzi tu tumekula wote pilau."

Akafikiri. Alikuwa na akili zake timamu, alijua vizuri sana kwamba sinema ni sinema. Ila, kama alivyonieleza baadaye, mtu anayeweza kutabasamu vile huku anakoroga chai, hata kama ni mchezo, lazima ana kitu. Sijawahi kusifiwa kazi yangu vizuri zaidi ya hapo.

"Haya, onja wewe kwanza," akasema.

Nikamega chapati nikala. Akaniangalia mpaka nimemeza, ndipo akapokea yake. Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa kifurushi cha jani kavu la mgomba, ndani mna buni zile zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna. Akanipa tatu. Kwetu mgeni anakaribishwa kwa buni. Nilikuwa sijatafuna tangu bibi yangu mzaa mama alipofariki. Nikamweleza safari yangu yote, pamoja na uongo.

"Kukamua? Ng'ombe wa pembe?" Akacheka peke yake, kicheko cha mtu mwenye siri. "Haya nenda, mwanangu. Utayaona."

Ihembe kwa mama mdogo

Mama mdogo Adela ndiye mdogo wa mwisho wa mama yangu. Alinipokea kwa vigelegele, akanigeuza huku na huku kama anakagua mkungu wa ndizi, akasema, "Huko Dar hamli?" Nikamweleza kwamba mwembamba ndiye anayepata kazi za picha. Akasema basi hao wanaopiga picha hawajawahi kuona mwanamke.

Nyuma ya nyumba, bandani, ana ng'ombe mmoja wa kisasa, mweupe mwenye madoa meusi, asiye na pembe hata ya kusingiziwa. Kwa huyo ndiko mama mdogo alikonifundishia. Asubuhi mbili mfululizo aliniweka pale: kaa hivi, osha kiwele, paka mafuta, bana juu kwanza ndipo ushushe vidole, usivute kama unapiga kengele. Siku ya kwanza nilipata maziwa ya kujaza kizibo cha soda. Siku ya pili nilipata nusu ndoo, na vidole vilivimba hata kifungo cha blauzi nikashindwa kukifunga. Nilijiona nimefuzu.

"Wa pembe mimi sina," mama mdogo akasema. "Nenda Kyerwa, Songambele, kwa Bibi Kezia. Ndiye aliyekuwa akituuzia samli miaka ile. Ni wafugaji hasa, watu waliotoka Rwanda zamani. Ila sijui kama watakubali hilo jambo lako."

Hilo la mwisho nililisikia, lakini zilikuwa zimebaki siku tano na sikutaka kuliuliza vizuri. Asubuhi ya kuondoka akanipakulia ndizi na maharage, na nilipomaliza akanipakulia tena. Nilikula zote. Kumbukeni maharage hayo.

Songambele, siku ya chai ya rangi

Kutoka Omurushaka nilikodi bodaboda. Kufika kwangu mtu asingesema ni mwanamitindo: wigi lilikuwa limegeuka jekundu kwa vumbi na kope moja ya bandia ilikuwa imebaki njiani. Nyumba iko juu ya kilima, mbele yake nyasi tupu zinazoteremka mpaka bondeni, na bondeni ng'ombe. Jamani, zile pembe! Nilisimama tu nikaangalia.

Bibi Kezia ni mrefu kunizidi, amenyooka, na ana sauti ya chini ambayo inabidi uisogelee. Nikapiga goti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, keti." Akaniuliza habari za Adela, habari za njia, habari za migomba ya Ihembe. Halafu akaniuliza, "Na leo umekula nini?"

Nikajua anataka kujua kama mama mdogo ananitunza. Nikajibu kwa fahari, "Ndizi na maharage, bibi. Sahani mbili."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi, kesho," akasema.

Maziwa yakaletwa katika vyombo vya mti, vimefukizwa moshi wa nyasi mpaka vinanukia. Akapewa Zabron, mwanawe wa pekee, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Wakapewa wageni wawili waliokuja kuangalia dume. Mimi nikaletewa chai ya rangi. Nikainywa huku nimeinamisha macho. Nilihisi wamenikataa kabla hata sijaomba, na niliona huruma juu ya nafsi yangu kwa kiasi ambacho sasa kinanichekesha.

Zabron ndiye aliyeona. Akanifuata nje, akaniambia, "Dada, usichukie. Aliyekula maharage hapewi maziwa siku hiyo hiyo. Wazee wanasema ng'ombe anaumwa kiwele. Sisi ni watu wa kanisa, tunasali, lakini hilo mama hajaliacha. Kesho utakunywa mpaka utuombe msamaha."

Na kweli. Kesho yake nilikunywa asubuhi, mchana na jioni, nimekaa chini maana kwao maziwa hayanywewi kwa kusimama. Habari ya filamu nilikuwa nimeshawaambia, ila si ombi; nikikataa, Bibi Kezia ananitazama mbavu. "Unasema unacheza mke wa mtu mwenye ng'ombe," akasema, "na mifupa hiyo? Watu watasema mumeo ana mbuzi." Huo ndio mwanzo wa mashavu haya.

Hapo nikaona ndio wakati. Nikamgeukia Zabron, nikasema, "Kaka, nimekuja nina ombi. Nataka kukamua ng'ombe mmoja, dakika moja tu, nirekodiwe."

Zabron akaangalia kofia yake. Bibi Kezia akajibu yeye, bila ukali wowote.

"Hapa kwetu mwanamke hakamui."

"Hata kidogo, bibi? Hata kwa mchezo?"

"Mwanaume anakamua. Lakini maziwa yakishavuka mlango huu ni yangu. Huyu Zabron unayemwona na ndevu zake, akitaka kunywa ananiomba. Marehemu baba yake alikuwa ananiomba. Na siku nikiwa na hasira naye, alikuwa anaomba mara mbili." Zabron akacheka, akaitikia kwamba ni kweli. "Wewe kama unataka kazi ya mke wa mfugaji, njoo nikupe."

Akanikalisha mkekani, miguu imenyooka, akaniwekea mapajani kisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka siagi ijitenge. Mimi niliyetembea majukwaani na viatu virefu, kiuno kiliniuma siku mbili. Alinisahihisha mabega, shingo, hata macho: "Usikiangalie. Kisikilize." Na ni kweli, sauti inabadilika siagi ikikaribia. Nilifurahi, siwadanganyi. Lakini kila nikifurahi nilikumbuka Jumamosi.

Malishoni, Alhamisi

Walikuwa na mchungaji wa kuajiriwa, Silvesta, baba wa watoto wanne, mtu wa asili ya Burundi, mcheshi. Alikuwa amesikia ombi langu. Alhamisi mchana nilimpelekea chakula malishoni, akaniambia, "Dada, mimi mke wangu anakamua, na mvua inanyesha kama kawaida. Hapa mbali, bibi haoni. Nimlete yupi?"

Ningeweza kukataa. Nilijiambia kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na nikavua kweli. Silvesta akaleta jike jekundu, mpole, pembe zake ukinyoosha mikono yote miwili huzifikii. Akamwachia ndama anyonye kidogo, akamwondoa, akashika simu yangu. Nikachutama. Nikabana juu, nikashusha vidole. Maziwa yakalia ndani ya kikombe changu cha plastiki, na ng'ombe akasimama tuli akiangalia mbali kana kwamba amelipwa. Mwanga ulikuwa mzuri, pembe zimeingia zote kwenye picha. Ilikuwa video nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kurekodiwa.

Silvesta akanywa yale maziwa tukarudi. Kwenye kile kilima mtandao haupatikani mpaka upande juu kabisa, kwenye mawe, na jua lilikuwa linazama. Nikasema nitaituma asubuhi.

Asubuhi ya Ijumaa Bibi Kezia akasema, "Mjukuu wangu, nimekuonyesha kazi yangu. Nionyeshe na wewe yako."

Ningemkataliaje? Nikakaa naye mkekani, nikamwonyesha kwenye simu picha za vitenge, akazisifu. Nikamwonyesha yule hausigeli na chai yake, akacheka mpaka akajifuta macho na khanga. Nikainuka kumsogezea Zabron kiti. Niliporudi, kidole cha bibi kilikuwa kimesogeza mbele, na kikombe cha plastiki kilikuwa kinalia.

Aliitazama mpaka ikaisha. Akaomba nimrudishie mwanzo, akaitazama tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale na aibu imenipanda mpaka kwenye masikio.

"Unakamua vizuri," akasema. "Nani amekufundisha?"

"Mama mdogo."

"Umekamua kama mtu mwenye pa kulala." Akanirudishia simu. Halafu akaniambia kitu ambacho Zabron mwenyewe, kwa jinsi alivyoinua kichwa, nadhani alikuwa hajakisikia.

"Nimemwona mwanamke anakamua ng'ombe hawa safari moja tu. Ni mama yangu. Tulikuwa tunatoka kule ng'ambo ya mto, kuja huku. Baba alikuwa amebaki, na kaka zangu wote wawili, na baba zangu wadogo. Kubaki kwao unakujua. Ng'ombe walikuwa wamejaa maziwa wanalia, na watoto wanalia, na hakuna mwanaume hata mmoja. Mama akazunguka, akazunguka, kama anamtafuta mtu. Halafu akachutama. Alikamua huku anawaomba radhi ng'ombe, na anamwomba radhi baba. Ndipo nilipojua kwamba baba hatakuja." Akainyooshea kidole simu yangu. "Mtu wa kwetu akiiona picha yako, mjukuu wangu, hatasema mwanamke anafanya kazi. Atauliza, wanaume wa nyumba hii walikwisha lini?"

Hakuniambia niifute, wala hakumgusa Silvesta kwa neno, zaidi ya kumwambia mchana kwamba kikombe cha plastiki kinaharibu maziwa. Niliifuta mwenyewe, ingawa nafasi yangu ilikuwa ndani yake. Nililia pia. Yeye akanipa maziwa.

Juu ya mawe

Jioni ile Zabron alinipandisha kwenye mawe. Kabla ya kutoka alikuwa amenirekodi nikisuka maziwa, miguu imenyooka, Bibi Kezia pembeni akisikiliza kibuyu. Nikaituma hiyo, na sauti ndefu kwa dairekta. Nilianza na uongo wangu: kwamba sikukua na ng'ombe, nilikua na migomba. Kisha nikamwambia, "Mwanamke wa huku hakamui. Ukimchutamisha filamu nzima, unamfanya mjane tangu dakika ya kwanza. Mpe kibuyu. Mumewe amwombe maziwa, na siku wakigombana amnyime. Halafu mwishoni, siku ambayo hakuna mwanaume aliyebaki, ndiyo siku achutame. Mara moja tu. Hutahitaji hata muziki."

Tulisubiri mpaka nyota zikatoka. Jibu likaja, maneno mawili: "Nilikuomba kukamua."

Zabron alilisoma begani kwangu. "Dada," akasema, "tumekuponza." Nikamwambia nimejiponza mwenyewe kule Dar, mbele ya watu.

Kurudi

Jumamosi ilipita nikiwa safarini, simu mkononi, kimya. Kimisi tuliivuka bila hata kusimama, kana kwamba ni kuniudhi, maana safari hii sikuwa na haraka ya kufika. Begini nilikuwa na samli ya Bibi Kezia na buni za mama mdogo, na suruali ya jinzi niliyoendea ilikuwa haifungi. Kazi ya tangazo la jinzi iliyokuwa Jumatatu wakampa mwingine. Hapo ndipo mliponiona kanisani nimevaa dera, mkaanza kuulizana.

Siku ya nne dairekta akapiga. Hakusalimia. "Nimeangalia ile ya kibuyu labda mara ishirini," akasema. "Nimemlaza mwandishi macho siku tatu. Nafasi ni yako, Koku. Kibuyu filamu nzima. Lakini ile siku ya mwisho, lazima ukamue kweli, ng'ombe wa pembe, na lazima wenyewe wakubali. Bila hiyo hatuna filamu. Nani atakufundisha?"

Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Kumwomba Bibi Kezia tena kitu kile kile, baada ya yote aliyoniambia! Nilikaa na simu mchana kutwa. Hatimaye nikampigia Zabron, nikamweleza, nikamwambia kama mama atakataa nitaelewa, na nisipopata jibu pia nitaelewa. Akaniambia ningoje, yuko kwenye mawe, anateremka kumuuliza.

Kesho yake akapiga. Alikuwa amempandisha bibi mwenyewe, mguu kwa mguu, na nilisikia anavyohema.

"Mjukuu wangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula nini leo?"

"Wali na samaki, bibi."

Akaguna. "Siku ya kuja, njoo na tumbo tupu. Nitakufundisha mwenyewe."

Sikuelewa. Nikasema taratibu, "Bibi, si ulisema umemwona mama yako tu?"

"Nilimwona, ndiyo. Yeye alikuwa upande wa kulia wa ng'ombe." Upepo wa kule juu ulipiga kwenye simu, nikadhani amekata. "Upande wa kushoto, unadhani alikuwa nani?"